Kikohozi cha Mtoto na Ukungu wa Ukutani: Mwongozo Kamili kwa Kaya za Kigoma

Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili, mara nyingine zinagusa Mei. Katika miezi hiyo kuna watoto ambao mafua hayawaishi. Usiku wanakohoa, asubuhi wanaamka pua zimeziba, mchana wanachangamka kidogo, jioni kifua kinabana tena. Mama anakwenda zahanati, anapewa dawa, mtoto anapata nafuu ya siku chache, kisha anarudi palepale. Mara nyingi hakuna aliyeuliza mtoto huyo analala wapi.

Nenda ukaangalie ukuta ulio kando ya godoro lake. Ukikuta weusi au ukijani kwenye kona, harufu ya kuvunda, rangi imebanduka na chini pamelowa, basi sehemu ya ugonjwa huo iko ndani ya chumba, na dawa ya chupa peke yake haitaumaliza. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo maalumu kuhusu unyevu na ukungu majumbani. Ulieleza kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu wako katika hatari zaidi ya kukohoa, kupumua kwa filimbi, kuambukizwa magonjwa ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Watoto huumia zaidi kwa sababu mirija yao ya hewa ni myembamba, wanavuta pumzi nyingi zaidi kwa dakika kuliko sisi, na muda mwingi wako chini sakafuni au kitandani.

Hatua ya kwanza: mtazame mtoto kabla ya kutazama ukuta

Ukungu unaweza kusubiri wiki moja. Nimonia haisubiri. Kwa hiyo kabla hujashika brashi, hesabu pumzi za mtoto. Subiri atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue fulana, tazama tumbo na kifua vinavyopanda na kushuka, na uhesabu kwa dakika nzima ukitumia saa ya simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana pumzi za mtoto hazilingani. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Wa miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi kabla hajatimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Ukifikia namba hizo, mpeleke kituoni siku hiyohiyo.

Mpeleke saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, ukiona sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani kila anapovuta hewa, ukisikia anakoroma akivuta pumzi ilhali yuko macho na ametulia, ukiona midomo imekuwa ya buluu, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ameshikwa degedege, au amelegea na haamki vizuri. Homa nayo isichukuliwe moja kwa moja kuwa ni ya kifua. Huku kwetu malaria ipo mwaka mzima, hivyo apimwe. Na kikohozi kilichopita wiki mbili, hasa kama mtoto anakonda au kuna mtu mzima nyumbani anayekohoa sana, kinahitaji uchunguzi wa kifua kikuu. Ukungu ukutani haumaanishi kwamba kifua kikuu hakipo. Vyote viwili vinapenda chumba kisichopitisha hewa.

Kuna mambo matatu nawaomba wazazi wenzangu tuyaache kabisa. La kwanza ni kukata kimeo. Mtoto akikohoa miezi miwili, utasikia bibi au jirani anasema kimeo kimeshuka, apelekwe kwa fundi wa kukata. Kile kinyama hakisababishi kikohozi. Kukikata kumewatoa watoto damu mpaka kupoteza maisha, na wengine kumewaachia maambukizi mabaya kooni. La pili ni kumtia mtoto mawese au mafuta mengine puani ili pua ifunguke, kwa sababu mafuta hayo huteremka mpaka kwenye mapafu na kuyaumiza. La tatu ni kumnywesha mafuta ya taa. Hiyo ni sumu, kijiko kimoja kinatosha kumlaza mtoto wodini. Pua ikiziba, chukua maji safi yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita, weka chumvi nusu kijiko cha chai, kisha mdondoshee matone mawili matatu kila tundu kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Tengeneza mapya kila siku.

Hatua ya pili: tafuta maji yanatoka wapi

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo wengi tunaruka. Tunaona weusi, tunanunua rangi, tunapaka. Baada ya miezi mitatu weusi uko juu ya rangi mpya. Ukungu hauna mizizi ya kujitegemea ukutani. Unaota pale palipo na maji, na kitu kikilowa siku moja au mbili bila kukauka, tayari umeshaanza. Ukikata maji, umekata ukungu.

Chukua tochi, kipande cha mkaa na kiti cha kupandia. Zunguka chumba kizima, sogeza kabati, nyanyua godoro, chungulia nyuma ya mabegi na magunia. Kila palipo na doa, lizungushie mstari wa mkaa na uandike tarehe pembeni. Baada ya wiki moja utaona kama doa limevuka mstari.

Mahali doa lilipo panasema mengi. Doa lililoanzia juu, chini kidogo ya bati au kwenye silingibodi, ni maji ya paa. Funga madirisha na mlango saa za jua kali, zima taa, tazama juu: palipotoboka patang'aa kama nukta. Mara nyingi ni misumari ya bati ambayo vifuniko vyake vya mpira vimekufa kwa jua.

Unyevu uliojipanga kuanzia sakafuni kupanda juu, ukaishia kiunoni au karibu na hapo kwa mstari unaozunguka chumba, unatoka ardhini. Tofali la udongo, liwe la kuchoma au bichi, hunyonya maji ya chini kama utambi wa kandili unavyonyonya mafuta. Nyumba nyingi zilijengwa bila kutandikwa nailoni nzito kati ya msingi na ukuta, na maji yanapanda bila kizuizi.

Kuna aina nyingine ambayo ni ya kwetu hasa, kwa sababu mji wetu ni wa milima. Mtu anachimba mlima ili apate kiwanja cha tambarare, anajenga, na ukuta wa nyuma unabaki umegusana na udongo mpaka usawa wa dirisha. Ukienda nyumba za mteremkoni Mwanga utaona: chumba cha mbele kikavu kabisa, cha nyuma kinatoa jasho. Maji ya mvua yanateremka mlimani, yanatuama nyuma ya ukuta, yanapenya taratibu usiku na mchana. Na cha nyuma ndicho wanachopewa watoto.

Doa lililo kwenye kona, nyuma ya kabati au ukutani palipoegeshwa godoro, bila dalili ya maji juu wala chini, ni mvuke wa ndani. Watu watano wakilala chumba kimoja kilichofungwa, pumzi zao peke yake zinatoa maji mengi. Ongeza nguo zilizoanikwa ndani kwa sababu ya mvua, ongeza sufuria la maharage linalochemka mlango wa pili, na ukuta wa baridi unaanza kulowa kuanzia saa nane za usiku.

Ukishindwa kujua kama maji yanatoka ndani ya ukuta au hewani, fanya hivi. Kausha kipande cha ukuta kwa kitambaa, kata nailoni ngumu inayoonyesha, upana wa daftari, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne bila kuacha mwanya. Iache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakiwa juu yake, upande wa chumba, ni mvuke wa ndani. Gharama yake haifiki hata bei ya soda.

Jambo moja zaidi. Unga mweupe unaochanua chini ya ukuta na kubandua rangi, ambao mafundi wengi huuita fangasi, mara nyingi ni chumvi iliyoletwa na maji ya ardhini. Nyunyizia maji: ukiyeyuka na kupotea, ni chumvi. Ukibaki kama manyoya yaliyolowa, ni ukungu. Chumvi haimfanyi mtoto akohoe, lakini inakuambia kwamba ukuta unakunywa maji, na ukungu uko njiani.

Usisumbuke kutaka kujua ni ukungu wa aina gani. Mweusi, wa kijani, mweupe, wote unatolewa kwa njia moja.

Hatua ya tatu: yakate maji

Kwenye paa, badilisha misumari iliyolegea, weka yenye vifuniko vya mpira, matundu madogo yazibwe kwa lami au silikoni bati likiwa kavu. Kazi hii ifanyike Septemba, kabla fundi hajaanza kugombewa na mtaa mzima.

Kwa maji ya ardhini, toka nje. Angalia udongo uliorundikana ukutani miaka nenda rudi kwa kufagia na kwa mmomonyoko. Ukikuta udongo wa nje uko usawa wa sakafu ya ndani au juu yake, umepata mchawi. Upunguze mpaka uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hivi au zaidi, na uupe mteremko wa kuondoka kwenye ukuta, angalau mita moja. Pale maji ya bati yanapodondokea, mwaga kokoto ili matone yasirushe tope ukutani. Kama mfuko unaruhusu, funga gata, maji yaende kwenye pipa. Utapata maji ya kufulia na ukuta utakauka.

Kwa nyumba ya mteremkoni, chimba mfereji nyuma ya nyumba, upande wa juu, uliojitenga na ukuta, uyapokee maji ya mlimani na kuyapitisha pembeni. Usiyaelekeze kwa jirani wa chini. Udongo uliogusa ukuta ukiwezekana uondolewe kabisa. Usipowezekana, fundi achimbe kando ya ukuta, apige plasta ya saruji upande wa nje, atandike nailoni nzito, kisha ajaze kokoto, si udongo uleule. Achimbe kipande kwa kipande, asiuache msingi wazi wote kwa pamoja, kwa sababu nyumba ya tofali za udongo inaweza kuteremka.

Wanaokaa kando ya ziwa wana mtihani wao. Maji ya Tanganyika yalipopanda kuanzia 2020, na yakapanda tena 2024, kuna nyumba za Kibirizi na Ujiji zilizoingiliwa au kuzungukwa na maji. Nyumba iliyosimama ndani ya maji haitakauka kwa mfereji wala rangi. Kama kuna namna yoyote, watoto walale kwa ndugu aliye juu mpaka maji yashuke na kuta zikauke.

Hatua ya nne: toa ukungu uliopo

Watoto wasiwepo. Wapeleke kwa jirani siku nzima, na mwenye pumu asiifanye kazi hii hata kama ni mtu mzima. Vaa barakoa nzuri inayobana uso, zile za N95 zikipatikana, glovu za mpira na nguo za mikono mirefu. Fungua madirisha, funga mlango unaoelekea vyumba vingine.

Usifagie ukungu mkavu na usiukwangue mkavu. Ukifanya hivyo unarusha vumbi lake hewani, na vumbi hilo ndilo mtoto atakalolivuta usiku. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni. Ukuta wa plasta ya saruji usugue kwa brashi na maji ya sabuni ya unga, futa kwa tambara, suuza, futa tena, na matambara hayo uyatupe. Sabuni na nguvu za mkono zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Ukitaka kutumia jiki, weka robo lita kwenye maji lita nne, paka baada ya kusugua, kaa nje kwa muda, kisha suuza. Jiki isichanganywe kamwe na siki, na asidi ya kusafishia choo wala na dawa nyingine yoyote ya usafi, kwa sababu hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Na ukungu uliouawa kwa jiki ukaachwa ukutani bado unaleta mzio. Lazima uondolewe.

Ukuta wa udongo haumwagiwi maji mengi. Nyunyizia kidogo tu ili vumbi litulie, kwangua tabaka lililooza kwa panga butu, zoa yote kwenye mfuko, ukatupe mbali.

Silingibodi iliyoota ukungu haisafishiki, itoe. Mkeka unaweza kufuliwa na kuanikwa. Godoro la sponji lililoota madoa meusi hadi ndani ni la kutupa, na najua maneno haya yanaumiza, maana godoro si bei ndogo. Kama weusi uko kwenye kitambaa cha nje tu, vua kava, lifue kwa maji moto, na sponji ilale juani siku kadhaa ikigeuzwa. Kama weusi ukutani umezidi mita moja ya mraba, tafuta fundi na wasaidizi, usijitwishe peke yako.

Hatua ya tano: acha ukuta ukauke ndipo upake

Ukuta uliokunywa mvua msimu mzima huchukua wiki nyingi kukauka, mara nyingine miezi. Ndiyo maana ukarabati mkubwa ufanyike Juni hadi Septemba. Rudia kipimo cha nailoni. Kikitoka kikavu pande zote, paka.

Rangi ya mafuta kwenye ukuta wa tofali za udongo naikataa. Inafungia maji ndani, inavimba, inabanduka, na nyuma yake ukungu unastawi. Plasta nzito ya saruji juu ya udongo wenye unyevu nayo huishia kudondoka mabamba. Kwa nyumba hizi chokaa ndiyo bora: ni nafuu, inaruhusu ukuta kupumua, na ukali wake ukungu hauupendi. Kinga macho unapochanganya na unapopaka, na watoto wakae mbali na ndoo.

Hatua ya sita: badilisha maisha ya chumba cha kulala

Fungua madirisha kila asubuhi mvua ikikatika, na tena mchana upepo wa ziwani unapovuma. Dirisha moja halitoshi. Hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea, kwa hiyo fungua na mlango wa upande wa pili. Wengi hufunga kwa sababu ya mbu na wezi, na wana haki. Weka wavu na nondo dirishani, na mtoto alale ndani ya chandarua. Matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha yasizibwe kwa magazeti.

Godoro lisilale sakafuni. Liwe kitandani au juu ya chaga za mbao, kiganja kimoja kutoka ukutani. Nailoni wanayowekea mtoto anayekojoa itolewe kila asubuhi, godoro lipate hewa. Kabati lisogezwe mbele kidogo. Nguo mbichi zikaushwe barazani chini ya bati. Ikibidi ndani, ziwe chumba wasicholala watoto na dirisha likiwa wazi. Magunia ya mahindi na karanga yatoke chumbani, yawekwe juu ya mbao pakavu, na nafaka iliyoota ukungu isiliwe na mtu wala kuku.

Moshi utoke pia. Mtoto ambaye kifua chake tayari kimechokozwa na ukungu akikaa mgongoni kwa mama mbele ya kuni, anaumizwa mara mbili. Pika nje au penye uwazi. Na tafadhali sana, usiingize jiko la mkaa ndani ili kukausha chumba au kuwapasha watoto joto usiku. Mkaa ukiwaka chumba kikiwa kimefungwa unatoa hewa isiyo na harufu inayoua familia nzima wakiwa usingizini.

Kama umepanga

Mpangaji hawezi kuchimba msingi wa mtu. Lakini anaweza kuonyesha. Mwite mwenye nyumba aje mwenyewe, mvua ikiwa imetoka kunyesha, na usianze kwa lawama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Wakubwa hawajambo. Huyu mdogo kifua ndicho kinamsumbua, tangu mvua zianze. Naomba uingie uone anapolala."

Akishika ukuta kwa mkono wake mwenyewe, mazungumzo huwa mepesi. Mwonyeshe mistari ya mkaa na tarehe zake. Pendekeza jambo lenye mwisho: wewe ununue misumari na lami, fundi alipwe, gharama ikatwe kwenye kodi inayofuata, na muandikiane. Akikataa, mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwakutanisha. Wakati huo hamisha kitanda cha mtoto kwenye chumba kikavu kuliko vyote, hata kama ni sebuleni.

Hatua ya saba: rudi kituoni ukiwa na maelezo

Kwa wiki tatu nne, weka alama kwenye kalenda kila usiku mtoto anapokohoa, na kila siku anapopumua kwa filimbi. Kumbuka pia anavyokuwa akilala kwingine. Mtoto anayepona akiwa kwa bibi yake Kasulu na kuanza tena siku ya pili baada ya kurudi amekupa kidokezo kizuri, ingawa hakithibitishi kila kitu. Nenda na kalenda hiyo, na picha ya ukuta kwenye simu. Mweleze mganga kuhusu unyevu, moshi, sigara, na kama kuna mwenye pumu au mzio kwenye ukoo. Huduma kwa mtoto wa chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali ni bure kwa sera. Hakikisha pia chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14 haikurukwa.

Akigundulika ana pumu, usiogope pampu. Dawa ya kuvuta inakwenda palepale panapouma, na haimfanyi mtoto ategemee. Mdogo hawezi kuvuta moja kwa moja, anahitaji chemba ya kati, yaani chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo wake. Isipopatikana, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa pampu hufanya kazi hiyo vizuri. Muombe muuguzi akuonyeshe mpaka ufanye mwenyewe mbele yake. Mtoto akizidiwa na pampu isipompa nafuu, au nafuu ikaisha baada ya muda mfupi, mkimbize kituoni. Kwa walio mjini, rufaa huenda hospitali ya mkoa, Maweni.

Mvua za kwanza zikinyesha tena Novemba, pita na tochi kwenye kona zilezile kila Jumamosi mpaka mwezi uishe. Doa likitokea mahali pengine, lisafishe na uangalie hewa ya chumba. Likitokea palepale ulipoziba, maji bado yana njia, na kabla ya kununua chokaa nyingine rudi hatua ya pili.